Andika Baba Yangu

Wapendwa, wazee wa kanisa waliniomba nisiwaseme hadharani wale wanaoishi pamoja bila ndoa, kwa sababu wengine wao ni waimbaji wetu wa kwaya, na sauti ya tatu tukiipoteza hatutaipata tena mwaka huu. Nimewasikia. Sitamsema mtu. Nitawapa mfano tu, na nimeutunga mimi mwenyewe jana nikipalilia mahindi, kwa hiyo mtu asitoke hapa akinong'ona kwamba mchungaji alikuwa anamsema jirani. Ila ukijiona humo ndani, hapo mimi sina la kukusaidia.

Kulikuwa na fundi mmoja wa mashine za kusaga. Tumwite Boay. Mkanda ukikatika, injini ikigoma, unampigia simu. Akikwambia nakuja Alhamisi, Alhamisi unamwona anashuka kwenye pikipiki na boksi lake la spana. Kwa kazi yake alikuwa mtu wa kutegemewa kuliko mvua.

Huyu Boay aliishi na mwanamke aitwaye Paskalina, mwalimu wa chekechea. Waliishi pamoja miaka sita. Ukiwauliza walianzaje, wanatazamana. Paskalina alikuja siku moja kumtembelea, mvua ikamzuia. Akaja tena na nguo za kubadilisha. Baadaye akaleta sufuria, maana ile ya Boay ilikuwa imetoboka. Mwishowe akaleta kuku wake. Ndugu zangu, mwanamke akihamisha kuku, amehama. Lakini haikuwepo siku hata moja ambayo hawa wawili walikaa chini, wakatazamana machoni, wakasema: leo tumeamua.

Kwao Paskalina ni milimani, mwendo wa saa tatu kwa basi. Baba yake, Mzee Tluway, kila binti alipokwenda kumsalimia, alimwuliza swali moja tu: "Huyo mtu hana wajomba?"

Mnajua maana yake. Mbona hakuna aliyekuja kubisha hodi?

Paskalina alirudi na swali hilo, akamfikishia Boay. Boay akasema, "Tutakwenda, baada ya mavuno." Mavuno yakapita. "Tutakwenda, mvua zikikata." Zikakata, zikanyesha nyingine. Miaka sita.

Vijana, najua mnataka kuniambia habari ya mahari. Hapana. Boay alikuwa na ng'ombe, na Mzee Tluway mwenyewe alikuwa ameshatuma neno kwamba kijana aje tu, hata mikono mitupu, mengine watu watazungumza. Basi nini kilimzuia? Alikuwa hampendi? Alimpenda! Kosa letu sisi wahubiri ni kudhani kwamba kila anayesitasita hana upendo. Boay alimpenda Paskalina mpaka akawa anaumwa.

Sikilizeni kilichompata. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alikuwa akichunga. Siku moja akarudi na ng'ombe, akakuta jiko limezimika na mama yake hayupo. Mama alikuwa ameondoka mchana, saa ambayo watu wote wako mashambani, na hakurudi. Sasa, baba yake alikuwa amemwoa huyo mama kwa taratibu zote, wajomba wamekaa, kanisa limejaa, cheti kimeandikwa. Mtoto akayaweka moyoni, akapiga hesabu ya kitoto: baba alifunga, kikakatika. Mimi nisipofunga, kitakatika nini?

Akakua na hesabu hiyo. Akawa na ndevu, akawa na ufundi, lakini hesabu ni ile ile ya mtoto wa miaka kumi na miwili.

Na je, ilimpa amani? Aliyejikinga hivyo si angelala usingizi mzuri? Paskalina akichelewa nusu saa kutoka shule, Boay alikuwa ameshasimama barabarani. Akipiga simu isipopokewa, anapiga tena, anapiga tena, huku mkono una grisi. "Uko wapi?" "Niko sokoni." "Na nani?" "Na vitunguu, Boay, niko na vitunguu!" Akirudi nyumbani asimkute, kitu cha kwanza aliingia chumbani kutazama kama nguo zake bado zinaning'inia kwenye msumari. Akiziona, anakaa kitandani. Halafu Paskalina akiingia, anajifanya alikuwa anatafuta soksi.

Siku moja Paskalina akamwuliza, "Unaogopa nini, Boay?"

"Siogopi kitu."

"Basi twende nyumbani ukamwone baba."

"Unaona sasa, unanisukuma."

Paskalina akanyamaza. Alikuwa amejifunza kwamba akisema mara moja zaidi, Boay atakwenda kufumua injini ambayo haikuharibika. Na mtu akizoea kunyamaza kwa jambo moja, ananyamaza na kwa la pili, na la tatu.

Ikafika Jumatatu moja. Paskalina aliamka amepauka, mkono tumboni. Boay akamwuliza, akajibiwa, "Tumbo tu. Nenda kazini." Boay hakupenda uso ule, lakini alikuwa ameahidi mashine kijiji cha mbali, na ahadi za mashine yeye hakuvunja. Akaenda. Saa tatu na nusu asubuhi, injini imefunguliwa nusu, simu ikalia. Alikuwa jirani yao, mama mmoja aitwaye Basilisa, na alikuwa anapiga kelele. "Boay, Paskalina ameanguka bombani! Hasemi! Tumempandisha gari la Mwalimu Mkuu, tunakwenda hospitali!"

Boay aliacha spana mchangani. Njia nzima, nawaambia, hakuona njia. Aliona jiko limezimika.

Alipofika hospitali, Paskalina alikuwa juu ya machela kwenye korido, midomo myeupe. Nesi alikuwa amesimama pembeni na karatasi.

"Wewe ndiye uliyekuja na mgonjwa?"

"Ndiyo. Hapana, nimemfuata."

"Wewe ni nani wake?"

Jamani, kuna swali rahisi kuliko hilo? Hata watoto wa Paskalina wa chekechea wangelijibu. Boay akajifuta grisi kwenye suruali.

"Mume wake?" nesi akamsaidia.

"Tunakaa pamoja."

"Sijakuuliza mnakaa wapi, kaka yangu. Hapa panatakiwa ndugu wa karibu, na hapa uhusiano. Niandike nini?"

Kabla hajajibu, daktari akafika, kijana mdogo anayetembea kwa haraka. Akasema mgonjwa ana mimba, na mimba imetunga nje ya kizazi. Mrija umepasuka, damu inavujia ndani, wanampeleka kwenye upasuaji sasa hivi. Akamgeukia Boay. "Ulijua ana mimba?"

Hakujua. Mwanamke aliyelala naye kitanda kimoja, ambaye nguo zake alizitazama kwenye msumari kila siku, alikuwa na mimba, na yeye hakujua.

Hapo hofu ikamshika Boay. Akamshika nesi mkono, akasema kwa sauti ambayo korido nzima ilisikia, "Andika mume! Mimi ni mume wake! Andika!"

Mnafurahi? Naona wengine mnaitikia kwa kichwa, mnasema hatimaye. Ngojeni.

Paskalina akafumbua macho. Alisema polepole, lakini kila mtu alimsikia.

"Hapana. Andika baba yangu. Tluway."

"Paska..."

"Miaka sita, Boay. Usiliseme leo kwa sababu unaniona nakufa."

Akaomba kalamu. Akatia sahihi yake mwenyewe, wakamsukuma ndani, mlango ukafungwa.

Boay akabaki. Baadaye akatokea mtu wa maabara kuuliza nani yuko tayari kutoa damu kwa ajili ya mgonjwa, Boay akavua koti. Hakuna aliyemwuliza ni nani wake. Walimchoma sindano, damu ikatoka, wakamshukuru, wakampa soda. Akarudi kukaa kwenye benchi na soda yake mkononi, hawezi kuinywa.

Mama Basilisa alikuwa ameshampigia Mzee Tluway. Mzee alipanda gari la mizigo lililokuwa likiteremka, akafika saa nane mchana, koti la sufu juani, na chupa ya chai chini ya kwapa. Dakika chache kabla hajafika, nesi alitoka akasema upasuaji umekwisha, mgonjwa anapumua vizuri, atapona. Mzee akajitaja mlangoni kuwa ni baba wa Paskalina, Boay akisikia, naye akaambiwa hivyo hivyo. Akamshukuru Mungu, akatafuta pa kukaa. Nafasi ilikuwa moja tu, pembeni ya Boay.

Hawakuwa wameonana hata siku moja. Mzee akamimina chai kwenye kifuniko, akamtazama kijana yule, shati lina grisi, mkono una plasta, akamwonea huruma. "Kunywa, mwanangu. Unaonekana hujala tangu jana."

Boay akapokea kwa mikono miwili. Mzee akauliza, kama watu wanavyoulizana kwenye mabenchi ya hospitali, "Na wewe una mgonjwa humu?"

"Ndiyo, mzee."

"Ni nani wako?"

Nataka mwone alipokuwa. Asubuhi alilia mume, mume, kwa sababu kifo kilikuwa kimesimama pale. Sasa kifo kimeondoka. Paskalina atapona. Mlango wa nje uko hatua kumi, pikipiki iko pale, na huyu mzee hamjui. Angeweza kusema dada yangu. Angeweza kusema jirani, akamaliza chai, akaenda zake, na tena baada ya mavuno tutaona. Nani kati yetu hajawahi kutoka kwa mlango wa namna hiyo?

Boay aliweka kifuniko chini. "Mzee, mimi ndiye Boay."

Mzee Tluway akamgeukia.

"Mimi ndiye niliyekaa na binti yako miaka sita sikuja kwako. Si kwamba sina wajomba. Ninao wawili, wako hai, wangekuja mwaka wa kwanza. Niliogopa."

"Uliniogopa mimi?"

"Hapana. Niliogopa tuahidiane, halafu nibaki peke yangu."

Mzee akafunga chupa yake ya chai, akaizungusha mpaka ikakaza sana. Kisha akasema, "Njia nzima nilikuwa nikijiandaa kukuchukia. Ningekukuta una majivuno ingekuwa rahisi." Akavuta pumzi. "Lakini usiniombe kitu mimi. Mwenye jibu amelala mle ndani, na leo hafai kuulizwa."

Siku ya tano Paskalina aliruhusiwa, na aliondoka na baba yake kwenda milimani. Alipita nyumbani kuchukua nguo. Boay alimsaidia kuzikunja. Jambo alilolikimbia miaka yote, mwanamke kuondoka mchana kweupe, lilimfika akiwa ameshika kanga mkononi. Na hakuwa amefunga kitu! Hesabu yake ilimwambia kisichofungwa hakikatiki. Mbona basi kiliuma hivyo?

Wiki ya tatu akapanda milima na wajomba zake wote wawili. Wazee wakakaa na wazee. Paskalina akatoka nje, akiwa bado anatembea ameinama kidogo, wakakaa yeye na Boay kwenye ukuta wa zizi.

"Safari hii hakuna anayekufa," Boay akasema. "Nimekuja kusema lile neno. Nataka niwe mume wako."

"Nikikataa?"

"Nitashuka na wajomba zangu nikiwa nalia. Lakini nitakuwa nimesema."

Boay alidhani sasa atapewa jibu, na amejiandaa kwa hapana. Paskalina akaanza kulia yeye.

"Nilijua nina mimba tangu nilipokosa siku zangu," akasema. "Nilikaa nayo zaidi ya mwezi. Kila jioni nilikutazama ukila, nikisema leo nitamwambia, halafu nasema akisikia atadhani nimemtegea kamba. Maumivu yalianza Jumamosi. Ningekwambia Jumamosi, ungenipeleka Jumamosi. Nilikulaumu wewe kwamba husemi neno, kumbe hata mimi nilifunga mdomo. Nilikaribia kufa, Boay, kwa kuogopa kukwambia."

Wapendwa, mfano wangu ulikuwa unakuja hapa. Mlidhani mwenye kosa ni mmoja. Miaka sita watu wawili wanapendana, wanakula sahani moja, na kila mmoja amemficha mwenzake mahali anapoogopa. Huyu hakuahidi, asije akaachwa. Huyu hakusema, asije akaachwa. Na hofu ya wote wawili ilikuwa moja! Wangeambiana jioni moja tu, wangecheka.

Mnataka kujua kama walioana. Paskalina hakujibu siku ile. Alimfanya angoje wiki nne, kwa sababu alitaka naye aamue akiwa amepona, si akiwa anaumwa. Boay aliziishi hizo wiki nne. Wajomba zake walikuwa wakimletea ugali kumwangalia kama anakula. Mwishowe Paskalina akakubali, wakafunga ndoa, na kuku walikuwepo. Kuhusu mtoto, daktari alisema inawezekana na inaweza isiwezekane, na mpaka hapo ninapokomea bado hawajui. Wala msidhani hofu ilimtoka Boay kama pepo. Paskalina akichelewa, bado anatoka barabarani. Tofauti ni kwamba akimwona hasemi alikuwa anatafuta soksi. Anasema, "Nilidhani umeondoka," na Paskalina anamwambia, "Nipo," wanaingia ndani.

Sasa. Ninyi mliofunga ndoa, nimewaona. Tangu nilipoanza mmekuwa mkigeuza shingo kuwatafuta wale wasiofunga. Kina baba wa mstari wa mbele mlikuwa mnatabasamu. Mfano huu si wa kwaya, ndugu zangu. Mfano huu ni wetu sisi wenye vyeti. Paskalina asingekuwa salama kwa sababu tu ya karatasi. Wangapi tuna karatasi kabatini, picha ya harusi ukutani, na bado tumesimama na mguu mmoja nje? Una mke miaka ishirini, na hajui ni kitu gani kinakuamsha alfajiri. Una mume, na umemficha uvimbe ulioupapasa mwezi uliopita kwa sababu hujui atakutazamaje. Hiyo ndoa umeingia lini?

Na nisiwaseme ninyi peke yenu. Mwaka jana daktari aliniambia moyo wangu unapiga vibaya. Nilikaa na ile karatasi ndani ya koti wiki nne. Mama Mchungaji anakaa pale, mstari wa pili. Miaka thelathini na mmoja ya ndoa, nimewafungisha wengine siwezi kuwahesabu, na niliogopa kumwambia mke wangu kwamba ninaumwa, nisije nikaona usoni pake kwamba amechoka nami. Aliikuta mwenyewe akifua. Hakunigombeza. Alikaa chini ya kamba ya nguo akalia, akaniuliza, "Mimi ni mgeni wako?" Sikuwa na jibu, na sijui kama ninalo mpaka leo.

Tunadhani kujitoa kwa mtu ni kutokuwa na hofu. Tunangoja hofu iishe ndipo tuahidi, hofu iishe ndipo tuseme ukweli. Haiishi! Ninawaambia mimi mwenye mvi. Kujitoa ni kumkabidhi mwenzako hiyo hofu ingali mbichi, na kukubali kwamba anaweza kuiangusha. Vijana, anayekwambia nakupenda lakini tutaona, usimchukie, lakini mwulize anaogopa nini, na usikubali aseme siogopi kitu. Na wewe unayeulizwa, jibu. Jibu siku ya kawaida, watu wakiwa wazima, maharage yakiwa jikoni. Usingoje korido ya hospitali ikufundishe kusema.

Nanyamaza hapa, maana hata mimi sijaimaliza kazi hii. Hatutaimba sasa hivi. Tukae kimya kidogo. Aliye na mwenzake pembeni, amwinamie sikioni amwambie jambo moja tu analoliogopa, moja linatosha. Aliyemwacha nyumbani, aondoke nalo mdomoni asilimeze njiani. Mama Mchungaji, nakuja hapo ulipo.